Mkimbiaji, pumu kali, na mbio zilizobebeshwa lawama

Mwanamke wa miaka 36. Hajawahi kuvuta sigara. Amekimbia tangu akiwa shuleni: kilomita 10, nusu marathoni, na marathoni kamili mwaka anaojisikia vizuri. Pumu ilimjia ukubwani, akiwa na miaka 28, bila historia yoyote ya kubanwa kifua utotoni. Kufikia miaka 35 alikuwa anatumia kiwango cha juu cha inhela yenye steroidi iliyochanganywa na dawa ya kupanua mirija ya hewa inayofanya kazi kwa saa 12, na juu yake kidonge cha montelukasti kila usiku. Hata hivyo, ndani ya miezi 12 alikuwa ameandikiwa vidonge vya prednisoloni, yaani steroidi ya kumeza, mara nne na kulazwa mara moja. Kila alikokwenda ushauri ulikuwa ule ule: acha mbio. Akaacha. Na alipoacha, akapata nafuu.

Nafuu hiyo ndiyo sababu ya kukichambua kisa hiki kwa urefu. Ingekuwa rahisi kufunga faili hapo: mbio zilimchokoza, mbio zimeachwa, mgonjwa ametulia. Familia iliridhika, daktari wa kwanza aliridhika, na yeye mwenyewe alianza kujizoesha maisha ya mtu aliyewahi kukimbia. Lakini hitimisho hilo lilikuwa na kasoro, na kasoro yenyewe huwapata watu wengi wenye pumu kali ambao miili yao imezoea kazi nzito. (Mkimbiaji huyu ni wa mfano. Ameundwa kutokana na mambo yanayoonekana mara kwa mara kwenye kliniki za pumu, na vipimo vyake vimewekwa kuonyesha jinsi mawazo yanavyokwenda.)

Kabla ya kuiita kali

Shambulio la kutisha peke yake halimfanyi mtu ahesabiwe kuwa na pumu kali. Mwenye pumu nyepesi asiyetumia steroidi ya kuvuta anaweza kupoteza maisha kwa shambulio moja. Madaktari huiita kali ile pumu ambayo haitulii, au inarudi mara tu dozi ikipunguzwa, ingawa mgonjwa anatumia kiwango cha juu cha steroidi ya kuvuta pamoja na dawa ya pili, anaitumia sawasawa, na vichochezi vingine vimeshughulikiwa. Masharti mawili ya mwisho ndiyo yanayorukwa. Utafiti mmoja wa Uholanzi ulikuta kwamba kati ya watu wazima wenye pumu, wapatao asilimia 17 walikuwa na pumu ngumu kudhibiti. Walipoondolewa waliokuwa wanakosea kuvuta dawa au hawaitumii ipasavyo, waliobaki na pumu kali kweli walikuwa karibu asilimia 4 tu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kliniki ya mapafu haikuwa kumwongezea dawa. Muuguzi alimwambia avute inhela zake mbele yake, zote mbili. Ile ya kila siku ilikuwa ya unga, nayo inataka mvuto wa haraka na wa nguvu ili unga uinuke na kusambaa. Ile ya dharura, ya salbutamoli, ilikuwa ya kupuliza kwa gesi, nayo inataka kinyume chake: mvuto wa polepole na mrefu, kisha kuzuia pumzi kwa sekunde kama 10. Alikuwa anavuta zote kwa mtindo mmoja, polepole. Maana yake ni kwamba kwa miaka kadhaa sehemu kubwa ya steroidi yake iliishia mdomoni na kooni, na hilo lilieleza ukakasi wa sauti na utando mweupe wa fangasi uliokuwa ukimrudia mdomoni. Watu wenye mapafu ya mazoezi huhisi kwamba kuvuta pumzi ni jambo wanalolimudu, kwa hiyo ni nadra mtu kuwaangalia wanavyovuta. Naona hilo ni pengo kubwa kuliko uhaba wa dawa mpya.

Mvuto ulirekebishwa, spesa (chombo cha plastiki kinachokaa kati ya inhela na mdomo) ikaongezwa kwa inhela ya gesi, na akafundishwa kusukutua mdomo kila anapomaliza. Usiku ukawa na kikohozi kidogo zaidi. Lakini pumu haikutulia.

Jino

Miezi miwili baada ya kuacha mbio, akiwa hajapata hata shambulio moja kubwa, aliumwa jino. Jioni alimeza ibuprofeni, akaketi kutazama televisheni. Baada ya dakika 50 pua zilikuwa zimeziba zote mbili, macho mekundu, uso unawaka, na kifua kinapiga filimbi. Alifikishwa idara ya dharura akiwa hawezi kumaliza sentensi moja kwa pumzi moja. Siku hiyo hakuwa amekimbia hata hatua.

Aliyempokea alimuuliza swali ambalo halikuwa limeulizwa katika miaka yote ya ugonjwa wake: leo umemeza dawa gani? Kisha akaongeza: na siku za mbio ndefu, ulikuwa unameza nini?

Ilikuwa ibuprofeni ile ile. Goti lake lilikuwa linamsumbua, na kila alipotoka kwenye mbio ndefu alimeza vidonge viwili ili kesho aweze kushuka ngazi. Saa moja au mbili baadaye kifua kinabana, naye anajiambia, mbio zimenichokoza tena. Alipoacha mbio, goti likatulia, na ibuprofeni ikaachwa bila mtu yeyote kugundua kwamba vitu viwili vilikuwa vimeondoka maishani mwake kwa wakati mmoja. Nafuu ikapewa kile kinachoonekana.

Kinachotokea mwilini ni hiki. Aspirini, ibuprofeni, diklofenaki, naproksini na ndugu zao huzuia kimeng'enya kinachotengeneza prostaglandini. Kwa watu wengi matokeo ni maumivu kupungua, basi. Lakini kwa baadhi ya wenye pumu, prostaglandini moja katika hizo ndiyo iliyokuwa inashikilia breki ya kemikali nyingine, lukotrieni, zinazobana mirija ya hewa, kuvimbisha pua na kumwaga kamasi. Breki ikiachiwa, lukotrieni hufurika. Kwa kawaida huanza kati ya nusu saa na saa tatu baada ya kumeza. Huu si mzio wa kawaida wa dawa moja, na kupimwa ngozi hakuwezi kuuonyesha. Unaihusu karibu familia nzima ya dawa hizo, hata zikiwa na majina tofauti kwenye paketi. Kati ya watu wazima wenye pumu, hali hii inawapata wapatao asilimia 7, na kati ya wenye pumu kali idadi hiyo ni karibu maradufu.

Mtu akijua cha kutafuta, dalili zilikuwepo tangu mwanzo. Pumu iliyoanza ukubwani. Pua inayoziba mwaka mzima, wala si ya msimu. Na jambo ambalo hakuwahi kulitaja kwa sababu aliliona halina uhusiano na kifua: alikuwa amepoteza uwezo wa kunusa kwa miaka mitatu. Picha ya kichwa ilionyesha vinyama vya puani vimejaa pande zote mbili. Vitu vitatu hivyo kwa pamoja, yaani pumu, vinyama vya puani na kubanwa baada ya dawa za maumivu za kundi hilo, vinajulikana kwa waganga tangu mwaka 1922, na bado hupita miaka kabla ya kuunganishwa, kwa kuwa pua ina daktari wake, mapafu yana wake, na goti halina hata mmoja wa hao.

Nisieleweke vibaya. Wengi wenye pumu hutumia dawa hizi bila shida yoyote, na kuwakataza wote ni kuwanyima dawa nzuri. Swali linapaswa kuulizwa kwa mkazo pale pumu ilipoanza ukubwani, pua imeziba na harufu imepotea. Mtu wa namna hiyo kwa kawaida anaweza kutumia paracetamoli kwa dozi ndogo, ingawa baadhi yao wanabanwa kidogo wakifika miligramu 1,000 kwa mara moja. Zipo pia dawa nyingine za maumivu, kama selekoksibu, ambazo wengi wao huzivumilia, ila dozi ya kwanza inafaa imezwe mbele ya mhudumu wa afya.

Pumzi ilikatika saa ngapi?

Kuondoa ibuprofeni kulimwondolea mashambulio ya kulazwa. Hakukumaliza kisa. Alipojaribu tena kukimbia taratibu, kifua kilibana, na lawama ikaelekea kurudi pale pale. Safari hii daktari alimwomba afanye jambo moja dogo: kila pumzi inapomsumbua, aandike saa, na aandike kama alikuwa bado anakimbia au ameshasimama. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipimo kilichofunua mengi kuliko vyote katika kisa hiki, na hakikuhitaji zaidi ya daftari.

Baada ya wiki kadhaa maandishi yalijigawa yenyewe katika makundi mawili.

La kwanza lilianza baada ya kusimama. Anamaliza mbio akiwa anahema vizuri, anajinyoosha, na dakika kati ya 5 na 15 baadaye kikohozi kinaanza, kifua kinabana, filimbi inasikika anapotoa pumzi. Isipotibiwa inaisha yenyewe ndani ya saa moja hivi. Huku ndiko kubana kwa mirija kunakoletwa na mazoezi. Mtu aliyetulia huvuta kama lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika. Mkimbiaji akikaza mwendo anaweza kupita lita 100. Pua haiwezi kupasha joto na kulowanisha hewa yote hiyo, mdomo unafunguka, na mirija ya ndani inalazimika kutoa maji yake kuilowanisha. Utando wa mirija ukikauka, chumvi yake inakolea, na chembe za kinga zilizoko pale zinamwaga kemikali zinazoibana. Ndiyo maana hewa kavu na baridi ni mbaya kuliko hewa yenye unyevu, na ndiyo maana mazoezi ya vipindi vifupi husumbua kidogo kuliko mwendo mmoja mrefu wa kasi.

Kulithibitisha, alikimbizwa kwenye mashine kwa dakika 8 kwa kasi iliyopandisha mapigo ya moyo karibu na ukomo wake, huku kiasi cha hewa anachoweza kutoa katika sekunde ya kwanza kikipimwa kabla, kisha mara kadhaa ndani ya nusu saa baada ya kusimama. Kushuka kwa asilimia 10 au zaidi kunatosha kusema tatizo lipo. Chake kilishuka kwa asilimia 31.

Kundi la pili lilikuwa tofauti kabisa. Lilitokea kwenye kilele cha juhudi, anapopanda mlima au kumalizia kwa kasi. Pumzi ilikwama kooni, si kifuani. Mlio ulikuwa wa kukwaruza, na ulisikika anapovuta hewa ndani. Akisimama, ndani ya dakika mbili tatu kumetulia. Salbutamoli haikubadilisha chochote, ingawa alikuwa akiipuliza mara nne, mara sita, na kuishia na mikono inayotetemeka na moyo unaodunda. Hilo si pumu. Ni nyuzi za sauti na nyama zilizo juu yake kukaribiana wakati zinapaswa kuachana, na huwapata hasa vijana na wanamichezo, wengine wakiwa na pumu, wengine bila. Linathibitishwa kwa kupitisha kamera nyembamba puani hadi kooni mtu akiwa anakimbia, kwa sababu akishapumzika koo linaonekana la kawaida. Tiba yake ni mazoezi ya kupumua na mtaalamu wa sauti. Inhela haina kazi hapo.

Kwa hiyo neno lake la siku zote, "nikikimbia nabanwa", lilikuwa limebeba matukio matatu: moja la koo wakati wa mbio, moja la mirija muda mfupi baada ya mbio, na moja la kidonge saa moja au mbili baadaye. Kila moja lina dawa yake, na dawa ya moja haisaidii jingine. Alipokuwa akieleza yote kwa pamoja, alionekana mtu ambaye hakuna dawa inayomfaa, na njia pekee iliyobaki mezani ilikuwa kumwongezea prednisoloni.

Ipo pia pumzi ya nne, ile ya kawaida ya mtu aliyekaa miezi bila mazoezi. Hiyo haina filimbi, inapanda na juhudi na kushuka na mapumziko. Inatajwa hapa kwa sababu mtu akishaogopa pumzi yake, hata hiyo humtisha.

Gharama ya vidonge

Dozi ya kawaida ya prednisoloni kwa shambulio la mtu mzima ni miligramu 40 kwa siku, kwa siku 5 hadi 7. Yaani miligramu 200 hadi 280 kila mara. Mara nne kwa mwaka ni karibu gramu nzima, na tafiti zinaonyesha kwamba hata jumla ya gramu moja kwa maisha yote inatosha kuonekana katika hatari iliyoongezeka ya mifupa kupungua nguvu, kisukari, mtoto wa jicho na mengineyo. Siku ya shambulio, vidonge hivyo vinaokoa maisha na havipaswi kuogopwa. Kinachopaswa kuogopwa ni kuwa na shambulio la kuvihitaji kila baada ya miezi mitatu.

Mwanamichezo hulipa pia kwa namna nyingine ambayo madaktari wachache huiuliza. Steroidi nyingi hudhoofisha misuli mikubwa iliyo karibu na kiwiliwili, hasa ya mapaja. Alikuwa analalamika kwamba miguu imekuwa mizito mlimani, na akajilaumu kwa uvivu. Tezi za juu ya figo nazo, zikizoea steroidi ya kutoka nje, hupunguza kutengeneza ya kwao, na mtu hubaki na uchovu usioelezeka. Mtu ambaye ametumia vidonge kwa wiki nyingi mfululizo hapaswi kuvikata ghafla kwa sababu hiyo hiyo.

Damu ilichukuliwa wakati akiwa hatumii prednisoloni. Hili lina maana, kwa kuwa vidonge hivyo hushusha kipimo kinachotafutwa na kukifanya kionekane cha kawaida. Eosinofili, aina ya chembe nyeupe za damu, zilikuwa 620 kwa kila maikrolita. Kufikia 300 tayari kunaelekeza kwenye aina fulani ya uvimbe wa mirija. Nitriki oksaidi, gesi inayopimwa katika pumzi anayotoa, ilikuwa sehemu 58 kwa bilioni, nayo ni juu. Picha ikakamilika: chini ya yote kulikuwa na uvimbe wa aina moja, unaoshika pua na mapafu kwa pamoja, ambao steroidi ya kuvuta pekee haikuweza kuuzima.

Kwa uvimbe wa namna hiyo sasa kuna sindano za kibayolojia. Ya kwanza kwa pumu, omalizumabu, iliruhusiwa Marekani mwaka 2003, ikilenga kingamwili za mzio. Mepolizumabu ilifuata mwaka 2015 ikilenga njia inayozalisha eosinofili, dupilumabu kwa pumu mwaka 2018, na tezepelumabu mwishoni mwa 2021. Hazichaguliwi kwa upya wake. Zinachaguliwa kwa kile ambacho damu, pumzi na pua vinasema. Kwake iliamuliwa dupilumabu, kila wiki mbili, kwa kuwa inafanya kazi pia kwa vinyama vya puani. Inhela ya steroidi iliendelea; sindano hizi haziichukulii nafasi yake, na wanaoiacha mara wanapojisikia vizuri hujirudisha nyuma.

Harufu ilirudi kabla ya pumzi. Kisha usiku wa kulala bila kukohoa. Baada ya miezi minne kipima pumzi chake cha nyumbani, ambacho kilikuwa kikizunguka lita 370 kwa dakika, kilikuwa kinafika 460.

Kurudi barabarani

Daktari hakumruhusu kukimbia kwa kumwambia "jisikilize". Nakubaliana naye kabisa. Wapo wenye pumu ambao hisia zao za kukosa pumzi zimefifia, na wanaofanya mazoezi mazito wako katika mtego wa ziada: wamejifunza kuvumilia kuhema, hata kujivunia. Mwili unapowaambia kuna hatari, wao husikia kwamba mazoezi yamekolea. Kwa hiyo alipewa namba. Kiwango chake bora ni 460. Akipima asubuhi na kupata asilimia 80 yake, yaani 368 au zaidi, anaenda kama alivyopanga. Kati ya hapo na 230 anatembea au anabaki nyumbani, na anafuata hatua zilizoandikwa kwenye mpango wake. Chini ya 230, ambayo ni nusu, ni dharura hata kama anajiona anaweza kusimama na kuongea.

Kupasha mwili joto kukawa sehemu ya dawa. Si kujinyoosha, ni mbio fupi fupi za kasi zenye mapumziko, kwa dakika 10 hadi 15. Karibu nusu ya watu wenye tatizo hili, mirija ikishachokozwa kidogo, hupata muda wa saa moja hadi tatu ambamo haibani tena kwa nguvu ile ile. Yeye ni mmojawapo. Siku za kazi nzito anavuta inhela ya kupanua mirija dakika 15 kabla. Siku za mwendo mwepesi havuti. Sababu ni kwamba anayeitumia kila siku kabla ya mazoezi huona muda wa ulinzi unafupika, kwa kuwa vipokezi vya mirija huizoea. Na mtu akijikuta anamaliza mikebe ya salbutamoli mitatu au zaidi kwa mwaka, hiyo ni ishara kwamba uvimbe haujatibiwa na hatari ya shambulio kubwa imepanda.

Baridi ikizidi anafunika mdomo na pua kwa kitambaa, hewa ya ndani ijilowanishe na pumzi anayotoa. Siku ya moshi au vumbi anakimbia ndani. Njia yake sasa ni ya mzunguko mfupi unaopita karibu na mahali alipoanzia mara kadhaa. Zamani alikuwa anaenda mbali kwa mstari mmoja na kugeuka, ambayo ina maana kwamba pumzi ikikatika katikati, nusu ya safari bado iko mbele. Inhela iko mfukoni mwake, haibaki kwenye begi. Wenzake wanaokimbia naye wanajua mambo matatu tu: asilazwe chali bali aketishwe; apewe mpulizo mmoja mmoja kupitia spesa, hadi 10 wakati msaada unaitwa; na akikaa kimya ghafla, filimbi ikatoweka huku bado anahangaika, hilo ni baya kuliko makelele, kwa kuwa hewa haipiti tena.

Watu humtia moyo kwa kumtajia mabingwa. Paula Radcliffe ana pumu na alikimbia marathoni ya London mwaka 2003 kwa saa 2:15:25. Jackie Joyner-Kersee, naye mwenye pumu, aliweka rekodi ya pointi 7,291 katika mashindano ya michezo saba kule Seoul mwaka 1988. Ni kweli, na inapendeza. Lakini mimi huwa sipendi mifano hii itumike kwa mtu mwenye pumu kali, kwa sababu inamfanya anayeshindwa kukimbia wiki ya mafua aone kwamba tatizo ni moyo wake mwepesi. Kinachomfaa kutoka kwa Joyner-Kersee ni jambo lisilotajwa sana: kwa muda mrefu aliuficha ugonjwa wake na hakufuata dawa, na hilo lilimletea mashambulio ya hatari.

Kwa wanaoshindana rasmi, kuna suala la kanuni. Shirika la dunia la kupambana na dawa za kusisimua misuli linaruhusu salbutamoli ya kuvuta hadi maikrogramu 1,600 kwa saa 24, bila kupita 600 ndani ya saa 8 zozote. Mpulizo mmoja kwa kawaida ni maikrogramu 100, kwa hiyo mtu ambaye pumu yake imedhibitiwa vizuri hakaribii mpaka huo. Steroidi ya kuvuta inaruhusiwa. Prednisoloni ya vidonge inakatazwa wakati wa mashindano, na aliyelazimika kuimeza karibu na siku ya mbio anahitaji kibali cha matibabu. Dawa haiachwi kwa kuogopa kupimwa. Karatasi ndiyo inayotafutwa.

Amemaliza mwaka bila prednisoloni hata mara moja. Mafua yalimshusha hadi 300 kwa siku sita, akafuata mpango wake, akarudi. Koo lake bado hukwaruza kwenye milima mikali, ingawa sasa analitambua, anapunguza mwendo na kuvuta hewa kwa pua badala ya kupuliza inhela. Ibuprofeni imeandikwa kwenye kadi yake ya dharura pamoja na aspirini na diklofenaki, na goti linatibiwa kwa mazoezi ya kuimarisha mapaja, jambo ambalo lilipaswa kufanyika mapema kwa ajili ya goti lenyewe. Anakimbia mara nne kwa wiki na amerudi kwenye nusu marathoni. Kwa marathoni kamili daktari hana pingamizi. Yeye ndiye aliyeomba msimu mwingine mmoja wa mafua upite kwanza, na vipimo vya mifupa alivyofanyiwa kwa sababu ya vidonge vya zamani vitarudiwa kabla hajaanza kuongeza kilomita.